Karatasi na Tarehe: Mfanyakazi Aanzie Wapi Kazini Kunapochafuka

Maswali ya kazi yanayonifikia huja kwa sura nyingi. Mlinzi kaambiwa asirudi kesho. Mhudumu wa hoteli kasikia bosi akisema "hapa hatutaki chama". Fundi wa kiwandani kaletewa karatasi ya kupunguzwa kazi saa kumi jioni na kuambiwa aisaini papo hapo, gari la wafanyakazi linamsubiri nje. Ukiyaweka pamoja, wote wanauliza jambo moja: nina haki gani, na nianzie wapi?

Wengi wanaopoteza mashauri ya kazi huwa na haki yao kamili. Kinachowaangusha ni siku zilizopita na karatasi walizoziacha ofisini. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ushauri huu inahusu tarehe na karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na stahiki za mfanyakazi ni mali.

Ninayoandika hapa yanahusu sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Zanzibar ina sheria zake za mwaka 2005. Mtumishi wa umma naye ana njia yake ya rufaa ndani ya utumishi, na anatakiwa kuimaliza hiyo kwanza. Asikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi moja kwa moja.

Umeshaachishwa kazi? Soma hapa kabla ya kwingine

Hesabu siku leo hii.

- Unapinga kuachishwa kazi: una siku 30.
- Mgogoro mwingine wowote, kama mishahara isiyolipwa, saa za ziada au likizo: una siku 60.

Hizi ni siku za kalenda, na Jumapili na sikukuu zimo. Barua yako ikiwa ya tarehe 3 Machi, fomu iwe imefika Tumeni kabla ya tarehe 2 Aprili. Usingoje siku ya mwisho.

"Lakini mkurugenzi kaniambia nisubiri, analishughulikia." Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Ahadi ya mdomo haisimamishi siku. Mwajiri mwema akilimaliza jambo lenu, utaliondoa shauri Tumeni na hakuna aliyepata hasara. Asipolimaliza, utakuwa umelinda nafasi yako.

"Nimeshachelewa." Unaweza kuomba kuongezewa muda, ila uwe na sababu yenye uzito na ushahidi wake: karatasi za kulazwa hospitali, barua za rufaa ya ndani na mfano wa hizo. "Sikujua sheria" haitoshi. Na kila siku uliyochelewa itabidi uitolee maelezo.

Mambo mengine matatu ya kujua:

1. Ukiwa na chini ya miezi 6 kazini, huwezi kudai kwamba umeachishwa isivyo halali. Bado unaweza kudai mshahara wa siku ulizofanya kazi, notisi na stahiki nyingine.
2. Kukosa mkataba wa maandishi hakukufuti kuwa mfanyakazi. Ni wajibu wa mwajiri kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi. Asipoyaleta penye mgogoro, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti anayoyadai.
3. Aliyesukumwa hadi akajiuzulu anaweza kulalamika kama aliyefukuzwa, mradi aonyeshe kwamba mwajiri aliyafanya mazingira ya kazi yasivumilike. Tatizo ni barua. Ukishaandika "nimeamua kwa hiari yangu na ninaishukuru kampuni", umejifungia mlango. Kama unalazimishwa, andika kwamba unalazimishwa, na useme kwa nini.

Fomu Namba 1, na pale inapokosewa

Shauri linaanza kwa Fomu Namba 1 ya Tume. Inapatikana katika ofisi za Tume mikoani, na huhitaji wakili kuijaza. Nenda ofisi ya eneo ambako mgogoro ulitokea. Kama kazi ilikuwa Geita na makao makuu ya kampuni yako Dar es Salaam, shauri ni la Geita.

Nimeona fomu nyingi zikikwama kwa makosa yaleyale, kwa hiyo nitalieleza jambo hili kwa urefu.

*Jina la mwajiri.* Watu huandika jina lililo kwenye bango la duka au ubavuni mwa basi. Jina la biashara na jina la kampuni iliyosajiliwa mara nyingi ni mawili tofauti. Angalia mkataba, hati ya mshahara, taarifa ya michango yako ya NSSF, au muhuri wa barua uliyopewa. Ukishtaki jina lisilo la mtu wala kampuni, unaweza kushinda halafu ukakosa wa kumdai. Na kama uliajiriwa kupitia wakala, huku kazi ukiifanya kwingine, angalia nani alisaini mkataba na nani alikuwa akilipa mshahara.

*Tarehe ya mgogoro.* Iandike sawasawa na ilivyo kwenye barua. Tarehe mbili tofauti katika fomu moja humpa mwajiri pingamizi bila jasho.

*Aina ya mgogoro.* Kuachishwa kazi kuna sehemu yake ya ziada, Sehemu B, na anaijaza aliyeachishwa tu. Aliyekuwa na mkataba wa muda maalumu ukakatwa katikati anasema mkataba umevunjwa. Aliyekuwa akitarajia kwa haki kuongezewa mkataba, akaachwa, aeleze matarajio hayo yalitoka wapi: barua pepe, ahadi iliyoandikwa, mikataba iliyowahi kurudiwa.

*Unachoomba.* Usiandike "haki zangu zote". Orodhesha: kurudishwa kazini au fidia, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi aliyepita mwezi wa kwanza wa ajira), malimbikizo ya mshahara, likizo usiyochukua, kiinua mgongo, nauli ya kurudi ulikoajiriwa, cheti cha utumishi. Weka kiasi kwa kila kimoja. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, kisizidi miaka 10, lakini hakimhusu aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu.

*Nakala ya mwajiri.* Kabla ya kuipeleka fomu Tumeni, mwajiri apewe nakala yake. Aliyeipokea asaini na kuandika tarehe kwenye nakala yako. Akikataa, tuma kwa rejista ya posta na uitunze risiti. Fomu isiyo na uthibitisho kwamba mwajiri kaipata hurudishwa, na wewe siku zako zinakwenda.

*Mkiwa wengi.* Mmoja anaweza kusaini kwa niaba ya wenzake, ila awe na idhini yao ya maandishi: majina kamili na saini za kila mmoja. Orodha iliyoandikwa kwa mwandiko mmoja na saini zinazofanana itawatia matatani.

Siku ya usuluhishi

Msuluhishi hatoi hukumu. Kazi yake ni kuwasaidia mfikie suluhu, na ana siku 30 za kufanya hivyo, isipokuwa mkikubaliana kuziongeza. Mnayozungumza humo ni siri. Hayatatumika dhidi yako baadaye, kwa hiyo usiogope kutaja kiasi unachoweza kukubali.

Fanya hivi:

- Fika. Mlalamikaji asipotokea, shauri linaweza kufutwa.
- Nenda na mtu: kiongozi wa chama chako, wakili, au mwakilishi uliyemchagua.
- Uwe na kiwango chako cha chini ulichokipanga nyumbani, na familia inakifahamu. Usikipangie kwenye benchi la Tume.
- Suluhu mkiifikia, isomwe yote kabla ya saini. Iwe na kiasi, tarehe ya kulipa, namna ya kulipa, na nini kitatokea malipo yakichelewa. "Mwajiri atalipa mapema iwezekanavyo" haifai kuwa suluhu.

Wengine hukataa suluhu kwa hasira, na ninaielewa hasira hiyo. Hata hivyo pima. Miezi 4 ya mshahara mkononi wiki ijayo inaweza kumfaa mwenye watoto shuleni kuliko tuzo kubwa itakayofuatiwa na safari ya Mahakama Kuu. Uamuzi ni wako, na asikusukume mtu yeyote, hata kiongozi wa chama.

Suluhu ikishindikana, omba cheti cha kushindwa kwa usuluhishi na uendelee na hatua ya uamuzi. Katika shauri la kuachishwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Hilo lisikulaze. Lete mashahidi walioona, maana walioambiwa na wengine hawasaidii. Tuzo ya mwamuzi ina nguvu kama ya amri ya mahakama, na hukaziwa Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Asiyeridhika ana wiki 6, tangu alipopewa tuzo, za kuomba mapitio mahakamani humo.

Umepewa barua ya tuhuma? Bado hujaondoka

Hapa ndipo shauri linaposhinda au kushindwa, miezi kabla ya Tume kuijua sura yako.

- Omba tuhuma kwa maandishi. Ukiitwa ofisini na kufokewa, hicho si kikao cha nidhamu.
- Unastahili muda wa kujiandaa, usiopungua saa 48.
- Una haki ya kuingia na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Iombe haki hiyo kwa maandishi, uweke nakala.
- Jibu kilichoulizwa. Barua ya kurasa 6 inayoanza na ugomvi wa mwaka juzi inamsaidia mwajiri peke yake.
- Kumbukumbu za kikao ukiletewa, zisome. Pasipo sahihi, andika kando ya saini yako kwamba hukubaliani na kipengele fulani.

Kupunguzwa kazi kuna utaratibu wake. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama au wafanyakazi kuhusu njia za kuepuka punguzo, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, na malipo. Mkishindwa kuelewana, jambo linaweza kupelekwa Tumeni kwa usuluhishi kabla mtu hajaondolewa. Karatasi ya "makubaliano" inayoletwa saa kumi jioni isainiwe saa hiyohiyo ni ya kuikataa kwa upole: "Naomba niisome na mwakilishi wangu, nitairudisha kesho."

"Tukifungua tawi si tutafukuzwa?"

Hofu hii ni ya kweli, nisiidharau. Sheria inakataza kumwachisha au kumbagua mtu kwa sababu ya uanachama au shughuli halali za chama. Lakini sheria haikai getini asubuhi kuwalinda. Kinacholinda ni idadi na mpangilio. Watu 4 wanaojulikana ni rahisi kuhamishwa. Watu 60 walioingia wiki moja si rahisi.

Wengi huchanganya jambo moja. Watu 20 ni idadi inayotakiwa kuanzisha chama kipya. Ninyi huenda hamhitaji chama kipya, mnahitaji kujiunga na kilichopo. Viwandani, madukani na benki kuna TUICO, mashambani TPAWU, hotelini na majumbani CHODAWU, migodini na kwenye ujenzi TAMICO, uchukuzi na mawasiliano COTWU. Zungumzeni na ofisi ya chama ya mkoa kabla ya kutangaza lolote kazini.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Jazeni fomu za uanachama na kuruhusu makato, ile inayojulikana kama TUF 6, kimyakimya, nje ya saa za kazi. Kila mmoja ajaze yake.
2. Chama kimwandikie mwajiri kuomba kuingia na kutambuliwa. Mwajiri ana siku 30 za kukutana na chama.
3. Akikataa au akikaa kimya, chama kinapeleka suala Tumeni, na likishindikana huko, Mahakama ya Kazi.
4. Chagueni wawakilishi. Idadi inategemea wanachama: 1 mkiwa hadi 9, 3 mkiwa 10 hadi 20, 10 mkiwa 21 hadi 100, na 15 mkizidi hapo, wakiwemo angalau 5 wa kuwakilisha wanawake.

Kosa la kawaida katika hatua ya nne ni kumchagua mwenye sauti kubwa. Mchagueni anayeandika. Mwakilishi mwenye daftari la tarehe, majina na yaliyosemwa ana thamani kuliko msemaji hodari. Na mameneja wa juu hawawezi kuwa katika chama kimoja na wafanyakazi walio chini yao, kwa hiyo msiwapitishie fomu kwa heshima.

Kwenye meza: mkataba wa hali bora

Ili chama kiwe msemaji pekee wa wafanyakazi mezani, lazima kiwe na wengi katika kundi linalohusika, yaani zaidi ya nusu. Kundi likiwa na watu 140, mnahitaji 71. Hesabuni fomu zilizo hai. Walioacha kazi mwaka jana waondoeni.

Mikataba ya hali bora mingi niliyoisoma inanisikitisha kwa jambo moja: kurasa nzima zinarudia yaliyomo tayari kwenye sheria. Kamati inatoka mezani na "ushindi" wa likizo ya siku 28, kumbe sheria imeshaitoa. Kabla ya kuandika madai, wekeni kando yale ambayo ni yenu tayari:

- saa 45 za kazi kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku;
- saa ya ziada kulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili;
- nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi;
- likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja;
- kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa kwa sekta yenu.

Haya hayajadiliwi. Yanatekelezwa, na yasipotekelezwa mnamwita afisa kazi. Mezani nendeni na yanayozidi hapo: ngazi za mishahara zinazopanda kila mwaka, usafiri wa zamu ya usiku, chakula, bima ya afya ya familia, kiinua mgongo cha siku 20 kwa mwaka badala ya 7, mazishi, utaratibu wa malalamiko wenye muda maalumu wa kujibu.

Nendeni na namba. Ulizeni wanachama bei ya chumba mtaani kwao, nauli ya kwenda na kurudi, gharama ya mlo wa mchana. Jedwali la ukurasa mmoja lenye vitu hivyo linamfanya mhasibu wa kampuni ainue kichwa. Ombeni pia taarifa za kampuni zinazohusu mjadala. Mwajiri ana wajibu wa kujadiliana kwa nia njema na kutoa taarifa zinazohitajika ili chama kijadiliane inavyopasa.

Pangeni madai kwa uzito. Yapo ambayo bila hayo hamsaini, na yapo mnayoweza kuyaachia mkapata kingine. Orodha hii ikae kwa kamati tu. Nimeona kamati ikishindwa kwa sababu mmoja wao alimwonyesha rafiki yake wa ofisi ya utumishi.

Mkataba ukikamilika uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote mbili, na nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi. Unaanza kufunga pande zote saini ya mwisho inapowekwa, isipokuwa wenyewe useme vinginevyo. Chama kikiwa ndicho msemaji pekee, unawafunga na kuwanufaisha hata wasio wanachama. Mkilalamika kwamba wenzenu wanakula matunda bila kuchangia, mnaweza kukubaliana na mwajiri kuhusu ada ya uwakala kwa wasiojiunga. Lakini waelezeni kabla ya makato kuanza. Mtu anayeona hela imepungua kwenye mshahara bila maelezo anakuwa adui wa tawi.

Mgomo

Nasema wazi: mgomo wa ghafla umewafukuzisha watu wengi waliokuwa na madai ya haki. Mgomo halali upo, na una masharti:

- uwe wa mgogoro wa maslahi, kama kudai nyongeza; malimbikizo ya mshahara na kuachishwa kazi huamuliwa Tumeni;
- mgogoro uwe umepitia usuluhishi ukashindikana;
- wanachama wapige kura kwa mujibu wa katiba ya chama, na wengi wa waliopiga wakubali;
- mwajiri apewe notisi ya saa 48.

Wafanyakazi wa maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji ndege wamo katika huduma muhimu na kwa kawaida hawaruhusiwi kugoma. Kwa wote, ni marufuku kumfungia mwajiri ndani au kumzuia asiingie. Na mjipange kwa chakula, kwa sababu siku za mgomo hazilipwi hata mgomo ukiwa halali.

"Chama chenyewe kinakula ada tu"

Wapo wanaoniandikia hivi, na baadhi yao wana hoja. Kabla ya kujitoa, jaribu mambo matatu kwa maandishi: omba mkutano wa tawi kwa idadi ya saini inayotakiwa na katiba ya chama, omba taarifa ya mapato na matumizi, peleka malalamiko ofisi ya mkoa, na wasipojibu, makao makuu. Uliza pia kwa mwajiri kama makato yanawasilishwa, kwa kuwa anatakiwa kuyapeleka ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Wakati mwingine tawi limelala kwa sababu fedha zimekwama kwa mhasibu.

Ukiamua kuondoka, makato yanasimamishwa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Kabla ya kuipeleka, hakikisha huna barua ya tuhuma wala shauri lililo mkononi mwa chama hicho. Kama unalo, maliza kwanza, au mpate mwakilishi mwingine na umjulishe msuluhishi kwa maandishi.